Nilibadilisha kila kitu kabla ya matairi

Pikipiki niliinunua Machi 2021, Njiro, Arusha, kwa mzungu mmoja aliyekuwa anafungasha kurudi kwao. BMW R1200GS ya mwaka 2008, na masanduku yake mawili ya pembeni. Kazi yangu ni kufunga na kukarabati pampu za maji. Leo niko Same, kesho Babati, keshokutwa nimeitwa Karatu kwa sababu kisima cha mtu kimegoma. Nilichoka kusubiri basi na mfuko wa spana mapajani.

Kabla ya kulipa nilikagua injini, nikasikiliza, nikachungulia oili, nikazungusha funguo mara tatu. Matairi niliyapiga teke, kama tunavyofanya sote bila kujua tunatafuta nini. Kashata, yale meno ya mpira yanayokanyaga chini, zilikuwa zimejaa tele. Nikajisemea, hapa hela imeokoka.

Novemba mwaka huohuo nikadondoka kwenye kipilefti cha Impala. Yalikuwa manyunyu ya kwanza ya vuli, yale yasiyotosha hata kulowanisha shati. Lami ya mjini ikikaa miezi bila mvua inakusanya vumbi na dizeli ya magari makubwa, na manyunyu kama yale yanaikoroga inakuwa sabuni. Sikuwa nimefika spidi 25. Nimelaza pikipiki kidogo tu kuingia upande wa Njiro, tairi la nyuma likaondoka kimyakimya, na kilichofuata ni mimi kuiona anga. Madereva bodaboda wakaja kuninyanyua. "Pole mzee baba, lami ina mafuta hiyo." Kila mtu alisema mafuta, na mimi nikasema mafuta. Kifuniko cha silinda kilichubuka, pedali ya gia ikapinda, shilingi laki mbili na arobaini zikaenda, na goti lilivimba wiki mbili.

Ilinichukua mwezi mzima kuinama na kusoma ubavu wa tairi. Kuna kiduara kirefu chenye herufi DOT, na mwishoni mwake tarakimu nne. Langu liliandikwa 2212: wiki ya 22 ya mwaka 2012. Tairi la miaka tisa na ushee, lililokaa muda mwingi chini ya turubai uani, kashata zake zikiwa kamili kwa sababu halikuwa likitembea. Nililibonyeza kwa ukucha, halikubonyea. Mpira ukizeeka unakuwa mgumu, hauing'ang'anii tena lami, hasa ikiwa na maji. Nilinunua pikipiki yenye matairi mazuri ya kutazama, basi. Siku hizi mtu akiniita kumsaidia kukagua pikipiki ya mtumba, naanzia kwenye zile tarakimu nne ndipo nije kwenye injini.

Kosa la pili nalikumbuka kwa aibu zaidi, kwa sababu hili nililifanya kwa furaha.

Nilikuwa na ndoto ya kwenda Ziwa Natron. Kutoka Mto wa Mbu, Engaruka, mpaka Ngare Sero chini ya Oldoinyo Lengai, vumbi tupu, makorongo na mawe. Nilishaona picha za wenzangu wenye pikipiki kama yangu, matairi ya kashata kubwakubwa kama ya trekta, na nikakiri moyoni kwamba pikipiki yangu kando ya zile inaonekana ya karani. Februari 2022 nikaagiza jozi kutoka Nairobi. La nyuma 480,000, la mbele 380,000, jumla 860,000 mpaka mkononi mwangu baada ya Namanga. Nilipita Sakina taratibu siku ile, ili nionekane. Na nilionekana. "Chalii yangu, hiyo sasa ndiyo mashine!" Nikakubali sifa zote.

Makelele yalianza spidi 50: mvumo kama nyuki ndani ya debe. Usukani ukawa na mtetemo mwembamba unaoingia vidoleni, ukifika Moshi mikono imekufa ganzi. Nikazoea. Juni nikaenda Natron, na nisidanganye, ile safari ilikuwa tamu. Kwenye kokoto na mchanga yale matairi yalikamata kama mkono; pale ambapo matairi ya lami yangekuwa yanaogelea, mimi nilikuwa nakwenda. Siku mbili. Kisha nikarudi kwenye maisha yangu, ambayo yako kwenye lami.

Kuanzia Agosti pikipiki ikaanza kutikisa kiuno. Nikiwa na masanduku yamejaa, spana na pampu moja au mbili, ikipita spidi 95 nyuma inaanza kupepesuka taratibu, kushoto, kulia, kushoto, kama ng'ombe aliyeshiba. Ukikaza usukani ndiyo inazidi. Tatizo lilijificha muda mrefu kwa sababu ya tochi za trafiki za kupimia spidi: ukitoka Tengeru mpaka Maji ya Chai na Kikatiti, vijiji vimefuatana, spidi 50, rasta, tuta, trafiki. Ni ule uwazi wa kuanzia njia panda ya KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, kwenda Boma Ng'ombe ndio unakuruhusu kufungua, na pale kuna upepo wa pembeni. Nikaulaumu upepo.

Nao upepo ulipotulia, pikipiki ikaendelea kutikisika. Fundi wa kwanza, hapa Arusha, akasema ni beringi za usukani. Tukabadilisha, 180,000 pamoja na ufundi. Nikapata nafuu ya siku tatu, nadhani ya kichwani zaidi kuliko ya chuma. Fundi wa pili akasema shokapu ya nyuma imekufa. Ikafungwa kwenye boksi ikapelekwa Nairobi kufanyiwa ukarabati, ikarudi baada ya wiki tano, 720,000 na nauli yake. Wiki tano hizo nilizunguka na mabasi, mfuko wa spana mapajani tena. Nilipoifunga shokapu mpya kama yai, nikapanda, nikapita KIA, kiuno kikaanza.

Piga hesabu. Laki tisa kamili kwa beringi na shokapu. Ningeweza kununua jozi nzima ya matairi na chenji ya mafuta ikabaki.

Januari 2023 nilikuwa na kazi Moshi, Pasua, na mwenye kisima akanielekeza kwa mzee mmoja mwenye gereji ya uani, Majengo. Ni banda la mabati, benchi la mbao, redio inasoma matangazo ya vifo. Nikamwamkia, nikamweleza ugonjwa wote na dawa zote nilizonunua. Alisikiliza bila kuitazama injini hata mara moja. Mwisho akanyoosha mkono.

"Kijana wangu, una kadi ya benki?"

Nikashtuka, nikafikiri ananidai kabla ya kazi. Akaichukua, akachuchumaa nyuma ya pikipiki, akailaza kadi kwa upana juu ya tairi. Kwenye tairi zima la pikipiki, kadi inatakiwa ikae juu ya mgongo wa duara, ichezecheze kama bembea, upande mmoja juu mwingine chini. Kwangu ilitua. Ililala bapa juu ya safu tatu za kashata za katikati, ikatulia kama iko mezani. Akaisogeza kando, ikadondokea ubavuni kwa pembe kali. Ile pembe, akasema, ndiyo unayoipanda kila ukilaza kona.

Kisha akanipeleka mbele. "Weka kiganja. Pitisha hivi, kwenda mbele. Sasa rudisha." Kwenda mbele ilikuwa laini. Kurudisha, kashata zikanikwaruza kama meno ya msumeno. Kila moja imelika upande mmoja na kubaki na ncha upande wa pili. Mtetemo wa vidoleni na mvumo wa nyuki vyote vilikuwa pale, chini ya kiganja changu.

Akachukua glasi ya plastiki aliyokuwa anakunywea chai, ile yenye mdomo mpana na kitako chembamba, akailaza ubavu kwenye benchi na kuisukuma. Ikajizungusha, ikakata duara, ikarudi karibu naye. "Umeona? Hakuna aliyeikatia kona." Tairi la pikipiki likilazwa linafanya hivyohivyo: pembeni mzunguko ni mdogo, katikati ni mkubwa, kwa hiyo linataka kugeuka lenyewe. Umbo la mviringo nalo linasaidia kuikunja pikipiki, si usukani peke yake. Sasa langu la nyuma lilikuwa limekuwa bapa kwa sababu ya maelfu ya kilomita za kunyooka, Kisongo, Makuyuni, Minjingu, na mzigo juu yake, wakati la mbele bado lilikuwa na mgongo. La mbele linataka kuingia kona, la nyuma linakataa mpaka livuke ile pembe, halafu linaanguka kwa ghafla. Ndiyo maana kona za Kolo, unapoenda Kondoa, nilikuwa nazipita mabega yamekaza kama nabeba gunia.

(Kwa hiyo yule jamaa wa Unga Limited aliyenishauri nifunge tairi la gari dogo nyuma, eti kuna Wamarekani wanafanya hivyo kwenye pikipiki za safari ndefu: ni kweli wapo wanaofanya, kwa kuwa linadumu. Lakini tairi la gari ni bapa tangu kiwandani. Mimi sikujaribu, na baada ya ile glasi sina hamu.)

Kuhusu kutikisika kwenye mnyoofu, mzee alieleza kwa vidole. Kashata ndefu iliyosimama peke yake inainama kabla ya kushika, kama nyasi ndefu. Kwenye vumbi hiyo ni faida, inachimba. Kwenye lami, spidi 100, na masanduku yanayovuta uzito nyuma na kupunguza uzito wa mbele, kila kashata inainama na kurudi, na pikipiki nzima inakaa juu ya kitu kinachochezacheza.

Halafu akapima upepo wa matairi. Nyuma psi 28. Kitabu cha pikipiki yangu kinasema 32 mbele na 36 nyuma ukiwa peke yako, 36 na 42 ukiwa na abiria na mzigo. Mimi nilikuwa najaza kwa kijana wa upepo pale mtaani anayepima kwa kidole gumba. Sikuwahi kumiliki geji. Mtu anayefunga pampu, anayewahubiria wateja habari ya presha ya maji kila siku, hana geji ya matairi yake.

Mzee akajaza, akaniambia nizunguke mpaka daraja la mto Kikavu nirudi. Nusu ya kutikisika ilikwisha. Hakunitoza chochote. Ile nusu ya bure ndiyo iliyoniuma kuliko laki tisa.

Jioni ile nikakaa na daftari langu la safari, lile ninalolipia posho. Tangu nifunge yale matairi nilikuwa nimetembea kilomita 7,200. Za vumbi, nikijumlisha Natron yote na njia za kuingilia mashambani, 610. Hata moja ya kumi haifiki. Nilikuwa nimechagua matairi ya siku mbili za Juni nikayavaa mwaka mzima.

Mtu akiniuliza sasa afunge tairi gani, namwambia aanze na daftari, au kama hana, akumbuke mwezi uliopita kwa ukweli. Aina zenyewe si siri. Kuna ya lami kabisa, mistari michache, mgongo wa mviringo mzuri. Kuna ya katikati, yenye mifereji mipana lakini mpira mwingi unagusa chini, wauzaji husema asilimia 80 lami na 20 vumbi. Kuna ya nusu kwa nusu, ndiyo niliyokuwa nayo. Na kuna ya matope kabisa. Mimi nikachukua ya katikati, radiali (ile ambayo nyuzi zake za ndani zinakatiza moja kwa moja ubavu hadi ubavu) mbele na nyuma, jozi ya aina moja. Usichanganye radiali na ile isiyo radiali kwa sababu umepata moja kwa bei nzuri. Ubavu mmoja mgumu na mwingine laini, pikipiki haijui imsikilize nani.

Soma namba zote, si upana peke yake. La nyuma la kwangu ni 150/70 R17 69V. Milimita 150 upana, urefu wa ubavu ni asilimia 70 ya upana huo, ringi inchi 17. Hiyo 69 ndiyo wengi wanairuka: ni mzigo, kilo 325 kwa tairi hilo moja. Pikipiki yangu tangi likijaa inapita kilo 220, niweke mimi, mke wangu na masanduku. Niliwahi kuletewa lenye upana uleule, bei chee, namba ya mzigo ya chini. Nikalirudisha, muuzaji akanuna.

Jozi ilinigharimu 930,000, nikaifunga kwa yule mzee Februari. Gurudumu la nyuma la GS ni rahisi, boliti tano na halina ekseli ya kuchomoa, kwa hiyo nililifungua mwenyewe. Alibalansi kwa kulining'iniza kwenye chuma na kuliacha lijizungushe mpaka sehemu nzito ikae chini, akabandika vipande vya risasi upande wa juu. Kazi ya nusu saa, na redio inaendelea na vifo vyake. Akanionya tairi jipya lina utelezi wa kiwandani, kilomita 100 hadi 150 za kwanza nisijifanye mwanamichezo, niongeze kulaza kidogokidogo.

Nilirudi Arusha kwa utulivu wa kusikia mambo niliyoyasahau, kama mlio wa injini. Mteremko wa Kikavu, ambao nilikuwa naupigania, pikipiki iliinama kwa kuangalia tu. Kwenye uwazi wa KIA upepo wa pembeni ulikuwepo palepale. Ulinisukuma mara moja, ikarudi kwenye mstari, basi.

Desemba nikampakia mke wangu tukaenda Lushoto. Asubuhi, matairi yakiwa baridi, nikapima kwa geji yangu mwenyewe: 36, 42. Upepo unapimwa baridi. Tulipofika Same jua la saa sita lilikuwa limeupandisha, na jamaa wa sheli akataka kunipunguzia kwa wema. Nikamkatalia. Ukipunguza kwenye moto, kesho asubuhi uko chini. Kuanzia Mombo ile barabara inapanda kilomita 30 na kitu, kona juu ya kona, ukuta wa mwamba huku na korongo kule. Zamani mke wangu alikuwa ananibana mbavu kila kona. Safari ile, kati ya Mombo na Soni, nilisikia kofia yake inagonga yangu kwa nyuma. Alikuwa anasinzia.

Bei kwa kilomita nayo imeniumbua. Tairi la nyuma la kashata kubwa, 480,000 kwa kilomita 7,200, ni kama shilingi 67 kila kilomita. Hili la katikati, 540,000, lilikwenda 14,000, chini ya 39. Nililidhani ghali.

Lakini nisikupambie. Aprili 2024, masika, niliitwa Simanjiro, ndani kupita Terrat. Udongo mweusi. Tairi la katikati likijaa ule udongo halina mifereji tena, linakuwa chapati. Nilipunguza upepo mpaka 25, nikashusha miguu, nikaenda kama bata, na bado nililala chini mara tatu ndani ya kilomita mbili. Morani wawili waliokuwa na mbuzi wao walisaidia kuinyanyua mara zote tatu. Ya tatu walikuwa wanacheka waziwazi, nami nikawaunga mkono. Yale matairi ya zamani yangepita? Pengine. Nililipa gharama ya chaguo langu siku moja badala ya kuilipa kila siku, ila siku hiyo niliilipa yote kwa mpigo, na chuma cha sanduku la kushoto mpaka leo kimepinda.

Tairi la mbele la kashata kubwa bado ninalo, limening'inia stoo, lina nusu ya maisha. Nawaza kununua la nyuma la kufanana nalo, nifunge jozi Septemba kwa wiki moja tu, niende Natron, nirudi nivue. Boliti tano, si kazi. Juzi nililishusha nikafuta vumbi, nikasoma DOT: 4021. Nimelibonyeza kwa ukucha, bado linabonyea kidogo. Mke wangu kasimama mlangoni, akauliza ni lile la makelele? Nikamjibu ndilo. Akasema basi hiyo Natron nimsalimie.